Wasifu wa Kaka Yangu, Jeneza la Mwingine

Jumamosi. Jua la Shinyanga leo halina huruma, vumbi mpaka kwenye meno. Nimerudi kutoka msibani Ibadakuli na hata nguo sijabadili.

Nimesikia maisha ya kaka yangu yakisomwa mbele ya jeneza la mtu mwingine.

Kaka Masanja alifukiwa na kifusi duarani, ndani ya shimo la machimbo huko Geita, akichimba dhahabu. Wasifu wake niliuandika mimi, ukasomwa siku ya maziko, kisha nikauweka kwenye blogu hii. Nikamwomba fundi wa kompyuta aufunge usinakiliwe. Ukiyagusa maneno, yanagoma. Nikatulia zangu, nikajua kaka yuko salama.

Kumbe kioo cha simu kinapigwa picha tu na simu nyingine.

Msomaji alianza vizuri: jina la marehemu, alikozaliwa, shule aliyosoma. Kisha akasoma: "Kila akirudi nyumbani alipiga mluzi akiwa bado njiani, ili mama asishtuke." Huyo ni Masanja wetu. Marehemu wa leo alikuwa dereva wa bajaji, na sijui hata kama mluzi aliuweza.

Mama nilikuwa nimekaa naye. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mbona wanamzika tena?" Siku hizi anasahau mambo mengi, ila mwanawe alimtambua.

Baada ya maziko nikamfuata msomaji, shemeji wa marehemu, nimefura kwelikweli. Hakubisha.

"Nisamehe dada. Niliupiga picha, nikauandika upya. Tulikuwa tunahangaika na jeneza, turubai, chakula, nani angekaa kuandika? Na mama mkwe nilipomsomea alilia, akasema ndivyo mwanawe alivyokuwa."

Hasira ikaniishia palepale. Niliitaka ile hasira, na sasa sina.

Nimefika nyumbani, nimeufuta wasifu wote. Sitaki Mama ausikie tena.

Halafu nikaitafuta mtandaoni ile sentensi ya mluzi. Ipo. Kwenye kurasa za watu nisiowajua, kwa marehemu wa Maganzo, kwa marehemu wa Kahama, kila mmoja anampigia mama yake mluzi. Nikaandika jina la Masanja. Hakuna kitu.

Nilichofuta ni jina lake tu.

Nimekaa hapa naogopa simu yangu mwenyewe. Nimrudishe, ili wamchukue tena?