Yaya, Hamumfuti Vieux

Yaya wangu, kaka yangu mpenzi,

Naanza hivyo makusudi, juu wewe uliniandikia "Chère contributrice". Mpendwa mchangiaji. Mimi niliyekushikia tochi ukiunganisha nyaya, mimi niliyelala nawe mkeka mmoja mpaka nilipoanza shule, leo nimekuwa mchangiaji. Nilisoma neno hilo nikacheka peke yangu ndani ya ateliye yangu ya ufundi, halafu nikakasirika, na hasira haijaisha mpaka sasa. Nakuandikia nayo hivyo hivyo.

Naandika hapa hapa kwenye ukurasa wa majadiliano wa Likonzi, mbele ya wote, juu na wewe ulinijibu mbele ya wote. Na naandika kwa Kiswahili. Wenzako wakitaka kujua nasema nini, utawatafsiria. Wewe ni kaka yangu mkubwa na ni mmoja wa wakubwa wa Likonzi, kazi zote mbili utaziweza.

Watapita pia wasomaji wasiojua habari hii, kwa hiyo univumilie nikikueleza vitu ulivyovianza mwenyewe. Likonzi ni programu ya msingi. Inakaa ndani ya puce, ile chipu inayofikiri ndani ya mashine ndogo, iwe frigo, pompi ya maji ao taa ya barabara, na fundi anajenga kazi yake juu yake bila kuanza kila kitu upya. Uliianzia hapa Mangobo, Kisangani, ukaipa jina la Kilingala la nguzo. Leo inatumika katika nchi ambazo mimi sitazifikia. Na sasa ninyi wakubwa wake mnataka kuiondoa puce moja ya zamani kati ya zile ambazo Likonzi inazikubali. Puce hiyo ndiyo Vieux wetu.

Unakumbuka taa ya kwanza? Tulikuwa chumba cha nyuma, kadi, kile kibao kinachobeba puce, iko juu ya kiti kwa sababu meza ilikuwa imejaa makorokoro yako. Ukaniambia, "Angalia, usifunge macho." Taa ndogo nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mama akaingia kutoka sokoni, harufu ya samaki ikimtangulia, akatutazama, akawaza bili ya umeme, akasema, "Munamaliza courant juu ya kuangalia taa inakonyeza?" Ukamjibu, "Mama, ni mimi niliiambia ikonyeze." Akaiangalia tena, akavuta kiti, akaketi. Alikaa pale mpaka lituma, ndizi zake za kuponda, ikaungua jikoni, na hakutugombeza.

Puce ile ilikuwa Vieux, Yaya. Zilikuwa zimejaa mjini siku zile, kwenye kadi za mashine za kampuni moja iliyofunga milango ikaacha depo nzima nyuma yake. Mafundi walikuwa wakizichukua kwa kilo kama misumari. Wewe ndiye uliyeipa jina. Nilitaka kuing'oa kwa koleo ukanipiga mkono, ukasema, "Pole pole, huyu ni vieux, ni mzee, umupe heshima." Kwetu ukimwita mtu vieux unamwachia kiti. Nasikia huko uliko neno hilo hilo ni la kitu cha kutupwa jalalani. Labda umekaa huko muda mrefu mno.

Siku ya kuondoka kwako kwenda Ulaya, pale uwanja wa ndege wa Bangboka, Mama alikuwa amekushika mkono hataki kuuachia, na wewe ukainama kwangu ukasema, "Ukikwama, uniandikie. Hata niko na kazi namna gani, ntakujibu." Nilikwama mara nyingi, na mwanzoni ulijibu kweli. Ulikuwa unanitumia sauti ndefu kwenye simu, nasikia baridi inakutetemesha midomo, unanieleza namna ya kusoma kosa mpaka nalielewa. Halafu sauti zikawa fupi. Halafu ikawa kidole gumba tu. Nilikukumbuka sana, na nilikuwa naona aibu kukuambia, kwa hiyo nikawa nakuuliza maswali ya puce.

Bon. Wewe ulipokuwa huko, Likonzi ikanona. Kila toleo jipya lilikuja na vitu vizuri, na kila kitu kizuri kilitaka nafasi. Puce za kisasa zina kumbukumbu kama gunia. Vieux ana mfuko wa shati. Ikafika siku toleo jipya likakataa kabisa kuingia ndani yake, na ninyi hamkujua, juu kwenu hakuna aliyekuwa anamjaribu tena.

Mimi nilijua siku hiyo hiyo, kwa sababu ya frigo ya Mama, ile anayowekea samaki wake sokoni. Unajua soko lenyewe. Samaki wanatoka Isangi na Yanonge kwa mto, wanafika wakiwa wazuri, na kama frigo imekufa mwanamke anabaki anakimbizana kuwakausha kwa moshi ao anawatupa. Na unajua kinachoua frigo hapa: courant, umeme wetu, inakatika, inarudi kwa nguvu, motere inataka kuamka papo hapo, inaungua. Kadi yetu inaizuia. Inaiambia motere ingoje kwanza, umeme utulie, ndipo iamke. Kadi mpya nimezijaribu. Zinatoka mbali, zinachelewa njiani, na zikifika courant yetu inazimaliza. Vieux anapigwa na hiyo courant na anaendelea.

Kwa hiyo nilikaa chini nikaanza kazi ya kumrudisha. Nilitoa ndani ya Likonzi kila kitu ambacho frigo haikihitaji. Nikatafuta mkalimani wa zamani, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya puce, juu yule mpya hamjui Vieux hata kwa jina. Siku ambayo kadi ilikubali kuwaka niliimba. Nikaiweka kwenye frigo ya Mama, nikakaa pale pale sokoni kumenya ndizi na kuitazama. Courant ikaenda, ikarudi. Nilikuwa sijamaliza ndizi ya kwanza, motere ikanguruma. Ilitakiwa ingoje dakika kadhaa.

Nikafanya kosa la kila mtu wa Kisangani: nikasingizia courant. Kwetu kitu chochote kikiharibika ni courant, hata ndoa. Nilibadilisha nyaya. Nikagombana na jirani wa Mama anayechomelea milango, nikamwambia mashine yake ndiyo inatusumbua, kumbe maskini hata hakuwa ameiwasha. Alinitazama akasema, "Dada, mi niko nakula tu." Mpaka leo akiniona anainua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, na Mama anakufa kwa kicheko.

Kosa lilikuwa ndani ya hesabu. Likonzi inahesabu muda kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na puce mpya zina chombo kikubwa cha kushikia hesabu hiyo. Chombo cha Vieux ni kikombe cha chai. Hesabu inajaa, inafurika, anabaki na yale machache ya mwisho, na yeye kwa uaminifu wake wote anadhani muda umetimia. Nikapita kila mahali Likonzi inapohesabu muda, nikaunganisha vikombe viwili viwili ili hesabu nzima ienee. Nikarudi sokoni, nikamenya ndizi zote za siku hiyo, motere ikangoja. Ilipoamka ilinguruma taratibu, na mimi nilitokwa na machozi mbele ya wauza samaki, nikasingizia moshi.

Wanawake wenzake Mama wakataka kadi kama ile. Nikawawekea. Fundi mmoja akaja kutoka Banalia kwa moto, pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye kope, akaondoka nazo. Mwingine akapiga simu kutoka Bafwasende. Ndipo nikaona kazi hii haifai kubaki ndani ya mashine yangu. Nikaipanga vizuri, nikaandika maelezo kwa Kifaransa changu chote, nikawatumia ninyi wakubwa, nikiomba iingie ndani ya Likonzi yenyewe.

Na wewe ukajibu: Chère contributrice, tunakushukuru, lakini puce hii tunaiondoa toleo lijalo, hakuna mtu anayeitumia tena.

Hakuna mtu. Uliandika hivyo kwa mkono wako, Yaya. Mama ni mtu. Wale wanawake walio na frigo kando yake ni watu, wana majina na wana midomo, ukiwa na wasiwasi uje uwasalimie. Fundi wa Banalia ni mtu. Kama hamtuoni katika hesabu zenu ni kwa sababu frigo ya sokoni haituandikishi popote, inagandisha samaki tu.

Nilikupigia simu. Ukaniambia, "Ile ni kazi, hii ni famille. Usichanganye." Nimekaa na neno hilo na nalikataa. Likonzi ilizaliwa kwenye kiti cha famille, kwa courant aliyoilipa Mama. Mimi nitachanganya. Nitachanganya mpaka mnijibu kama mtu mwenye jina.

Halafu ukataja sheria ya Likonzi. Bon, sheria naijua, niliisoma kuliko unavyodhani. Puce inabaki ikiwa na mtu wa kuijibia, na kila toleo likijaribiwa kwenye kadi ya kweli kabla ya kutoka. Ukaniuliza, kwa sauti ile ya upole inayoniudhi, "Kisangani courant inakatika, réseau ya mtandao inakatika, alors nani atafanya hiyo kazi kila toleo?" Mimi. Kadi ya majaribio nimeifunga kwenye frigo ya Mama. Toleo likiwa tayari kwenu, kabla halijatoka, nalivuta réseau ikiwepo, naliweka, naliacha lipigwe, nawatumia majibu. Na courant ikikatika, hilo ndilo jaribio lenyewe. Ninyi kule mnahangaika kuigiza umeme kukatika. Sisi tunaletewa mpaka mlangoni.

Kwa hiyo sikuombi huruma, Yaya. Kazi iko hapo, ifungue uisome. Ukikuta kosa, lionyeshe, nitalirekebisha na nitakushukuru. Mkikataa bila kosa, nitachukua nakala yangu ya Likonzi nitembee nayo mwenyewe, na fundi wa Banalia atakuja kuichota kwangu kwa flash. Nina uwezo huo na hamtanizuia. Lakini si hivyo ninavyotaka. Nataka aipate bila kunijua, hata siku nitakapokuwa mgonjwa ao nimeolewa mbali. Nataka akifungua Likonzi aone jina la Vieux limeandikwa pale kati ya majina mengine, na chini yake jina langu kama mtu wa kuulizwa. Hilo peke yake, na silirudishi nyuma.

Nakuaga hapa, lakini kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Kila jioni Mama ananiuliza kama wale watu wamejibu. Anajua wanataka kuifuta kadi yake. Hajui kwamba aliyeandika kukataa ni wewe. Nilishindwa kumwambia, nikasema ni wakubwa fulani wa Ulaya, na yeye anawatukana vizuri sana, asubuhi, wakati anapanga samaki kwenye barafu. Juzi aliwatukana mpaka akachoka. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akaniambia, "Uambie yaya yako aongee nabo. Yeye iko kule, batamusikia."

Basi, Yaya, ongea nao.

Mudogo wako wa Mangobo