Onja Wewe Uniambie

Ndugu yangu, nimejifungia chooni hapa wodini. Mke wangu amenimaliza.

Unajua ile mionzi ya saratani ya koo ilivyomchoma kinywa, vidonda vitupu. Daktari alikubali tujaribu asali, nikampa kijiko. Akawa anaizungusha kwa ulimi polepole huku machozi yanamtoka.

Nikamtania, "Tamu, mama watoto?"

Akasema, "Sijui. Sisikii ladha yoyote. Onja wewe uniambie."

UNIAMBIE!

Nikaonja. Tamu kupita kiasi, na nikashindwa kumwambia. Nikasema, "Chungu kama shubiri. Tumeuziwa takataka."

Akacheka mpaka mdomo ukapasuka, damu ikatoka. "Muongo wewe! Mbona umelamba mpaka mpini?"

Kijiko ninacho hapa mkononi, kinang'aa. Nikitoka nimwambie nini?