Tangulia, Kaka

Mount Druitt,
Sydney, Australia.
15 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Maxwell,

Pokea salamu zangu nyingi, zikukute mzima hapo sentani penye maduka, pamoja na wote nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Shemeji Mama Apiyo bado anakuchua kwa yale mafuta ya mkaratusi, au umeshamkimbia? Na Apiyo, kikohozi kimemwachia? Sisi hatujambo, shida yetu ni baridi tu. Huku Juni ni kipupwe, asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na mimi huvaa soksi mbili mbili kwenda kazini ghalani. Shemeji yako Jerotich ananicheka. Watu wa kwao Eldoret baridi wameizoea.

Najua utashangaa kuona karatasi. Ningekupigia, lakini simu zetu za siku hizi nazijua. Tunasalimiana, tunacheka, halafu nikitaja nyumba, mtandao wako unakatika. Mtandao gani huo, Kaka, unaochagua mazungumzo? Ndiyo maana barua hii nimempa Mugambi, mwenzetu wa kanisani anayekuja Kenya wiki hii. Atakutumia kwa basi kutoka Nairobi.

Nyumba yenyewe tunayotaka kununua iko Engadine, kusini mwa Sydney, mbali na hapa tunapokodi. Ng'ambo ya msitu ulio karibu na mtaa huo kuna kinu cha nyuklia. Uliponiuliza, "Sisi huku tunaandamana kuikataa hiyo kitu, wewe unaenda kuwa jirani yake?" nilicheka tu. Sasa nina jibu. Kinu hiki si cha umeme kama kile wanachosema watakijenga kando ya ziwa letu. Ni kidogo, ni cha utafiti, na hutengeneza dawa. Jerotich anasema baadhi ya wagonjwa wake wa saratani hospitalini hutibiwa kwa dawa zinazotoka huko.

Sikwambii kwamba sikuogopa. Siku ya kwanza tulipokwenda kuitazama nyumba, Jerotich alikagua jikoni, mimi nikawa naukagua msitu. Dalali akaniambia, "No worries, mate, hata hakionekani." Hicho hasa ndicho kilichonitia hofu. Basi Jacky wetu akadakia, "Dad, we went there on excursion. They gave us pens." Mtoto ametembezwa huko na shule akarudi na kalamu, baba mtu anaogopa kupita na gari!

Kwa hiyo kinu si tatizo tena. Tatizo lilijitokeza Jumamosi iliyopita.

Nyumba nyingi za huku huuzwa kwa mnada, mbele ya nyumba yenyewe, majirani wakitazama na vikombe vya kahawa mikononi. Anayeitaka anainua mkono. Tulikwenda tumejiandaa, benki imekubali, Jerotich amevaa kile kitenge ulichomletea siku ya harusi yetu. Mnadi akaanza kuita. Kaka, mkono wangu ulikataa kutoka mfukoni. Jerotich alinikanyaga mguu, nikajifanya sikuhisi. Nilikuwa namwangalia mnadi lakini niliyekuwa namwona ni wewe, umesimama pale bomani kwetu kwenye kiwanja chako kitupu.

Bahati nzuri au mbaya, hakuna aliyefikia bei ya mwenye nyumba, tukarudi zetu. Tulikuwa tunakaribia Liverpool, mtaa mmoja wa hapa Sydney. Hapo Jerotich akasema, "Rufus, this is Australia. Nani atajua kwamba Maxwell hajajenga?"

"Mimi nitajua," nikamjibu.

Unajua ninachosema. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Vijana wenzangu hapa wananiambia hiyo ni sheria ya boma, haihusu nyumba ya Australia yenye banda la gari na bomba la maji moto. Huenda wana haki. Lakini nikinunua nyumba nikaingia na familia yangu, nawe hujasimamisha hata kibanda kwenye ardhi ya Baba, nitakuwa nimekuruka. Sitalala vizuri humo hata siku moja, na lawama sitaitupia nyuklia.

Naelewa kwa nini hujajenga. Tangu watu wale wenye fulana za kung'aa wapite wakipima pima, kila mtu kijijini anasema ardhi itachukuliwa. Ukasema huwezi kupiga bati juu ya nyumba itakayobomolewa, ukabaki kukodi hapo sentani. Ni maneno ya mtu mwenye akili. Ila miaka inakwenda, kinu hakijaja, na nyumba pia haijaja.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Tulipomzika Mama nililala gesti ya mjini. Nyumbani kwake mila isingeniruhusu kulala, mimi ni mtu mwenye mke, na wewe hukuwa na nyumba ya kunikaribisha, wala mimi sikuwa na ruhusa ya kuwa na yangu. Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kumzika mama yangu kama mgeni aliyealikwa. Iliniuma, Kaka. Bado inaniuma. Huku nikikumbuka nyumbani, nakumbuka kila kitu, ziwa, sauti za watu wakitoka kanisani, harufu ya omena, wale dagaa wetu, wakianikwa, halafu nafika mahali pa kulala na sina.

Unakumbuka Changamwe, tulipokuwa wadogo na Baba akifanya kazi bandarini? Kile kiwanda cha mafuta kilikuwa na moto wake juu ya mnara, chumba chetu kinakuwa chekundu. Majirani walisema siku moja utatuchoma sote. Mimi nililala fofofo kwa sababu wewe ulilala upande wa mlangoni. Nakukumbuka sana. Nataka tena uwe upande wa mlangoni.

Dalali amepiga simu. Mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza nasi kabla hajairudisha mnadani mwezi Agosti. Jerotich alikata ile simu, akaniwekea karatasi na kalamu ya Jacky mezani, akasema, "Mwandikie."

Basi nakuomba, usijenge jumba. Kibanda cha chumba kimoja kinatosha, au hata anza na nguzo moja, uichimbie mwenyewe mbele ya Shangazi Wilfrida aone. Kama kweli watakuja kuichukua ardhi, na waikute nguzo hiyo, wajue palikuwa na wenyewe. Nikisikia imesimama, nami huku nitainua mkono. Nyumba hii ina chumba cha mbele, karibu kabisa na mlango. Tumekubaliana hakuna atakayelala humo kabla yako.

Nisalimie Shemeji, Apiyo, na Shangazi Wilfrida, umwambie miwani yake anayo Mugambi. Mungu autie nguvu mgongo wako, maana nguzo ni nzito.

Mimi mdogo wako nikupendaye, bado nimesimama nyuma yako,

Rufus