Bafta ya Kwamndolwa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Huku Masuguru hatujambo, kifua cha babu yako kimetulia. Lakini wewe unakula? Umeniuliza ufanyeje, maana bosi wako anataka uwachangamshe wateja pale kaunta.

Enzi za Ujamaa nilipokuwa muuzaji wa duka la kijiji, Kwamndolwa, nami nilipenda utani. Siku moja mama mmoja akaomba bafta nyeupe, mita nyingi. Nikamwambia, "Yote hiyo, mama, unamvisha bwana harusi?" Foleni nzima ikacheka. Akajibu taratibu, "Ni sanda ya mume wangu, dada."

Nilikata kile kitambaa, nikampa kwa mikono miwili.

Utani sikuuacha, mwanangu. Ila tangu siku ile nikawa namtazama mtu usoni kwanza, ndipo nitazame anachonunua.

Bibi yako anayekuwaza