Sayonara ya Dada Kinue

Osaka, 12 Mei 1968

Dada Kinue mpendwa,

Salamu nyingi. Kikohozi kinaendeleaje, na huko Hachinohe baridi imeanza kuachia? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Ni kuhusu Jumanne ile. Ulisafiri mbali hivyo hadi ofisini kwetu na furushi la ngisi wakavu, na meneja alipouliza huyu ni nani, nikamjibu, "Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwetu." Nilidhani hukusikia. Kisha ukainama, ukaniambia, "Sayonara, bwana."

Sisi wa nyumba moja hatuagani hivyo. Anayetoka husema naenda nirudi. Neno lile ni la kuachana. Yule mteja wetu Mmarekani, ambaye Kijapani chake chote ni neno hilo, akakupungia mkono: "Sayonara, sayonara!" Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Sikuwa na nia mbaya, dada. Ulikuja na viatu vya mpira vya kiwandani, nikababaika.

Mdogo wako,
Shigeki


Hachinohe, 3 Juni 1968

Bwana Shigeki,

Hujambo? Kikohozi kimepoa. Barua nimeipata.

Viatu vile ndivyo nilivyovaa nikipasua ngisi miaka tisa, tangu mama alipofariki, ili wewe usome. Sina vingine. Niwie radhi kwa kukuaibisha mbele ya wageni.

Kinue


Osaka, 28 Julai 1968

Dada yangu,

Shikamoo. Tangu barua yako ya Juni nimekuandikia mara mbili, hukujibu, na haki unayo. Ile yangu ya Mei nilikuwa najitetea tu.

Juzi tukiwa tunakula mchana nilisimama mbele ya wote nikasema, "Yule mama wa ngisi si mtumishi. Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea." Meneja akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Wale ngisi tuliwala sisi," akasema, "huku tukimcheka." Tangu siku hiyo nakula peke yangu, na sina wa kumlaumu.

Naomba nije siku za Obon, za kuwakumbuka marehemu wetu, tusafishe kaburi la mama. Ukikataa, nitaelewa.

Mdogo wako,
Shigeki


Hachinohe, 5 Agosti 1968

Mdogo wangu Shigeki,

Marahaba. Unakula vizuri lakini?

Nami nina langu la kukiri. Niliporudi, wenzangu kiwandani waliniuliza habari za Osaka. Niliwaambia ulinipokea kituoni, ukanibebea furushi, ukanipeleka kwa wakubwa wako mmoja mmoja: "Huyu ndiye dada yangu." Bi Tome alilia. Kila siku wananitaka nirudie, nami kila siku naongeza. Uongo wako ulikuwa wa mara moja. Wangu una miezi mitatu, na nikiusimulia siwezi kuwatazama machoni.

Njoo. Ila usiende nyumbani kwanza. Pitia kiwandani saa sita, tukiwa nje tunakula, wote wapo. Uniite kwa sauti.

Dada yako,
Kinue