Lori Lililokwaruzika

Kasoli, Bariadi
Jumapili jioni, mwezi wa saba

Mpendwa Baba,

Mwadila, nakusalimu jioni hii. Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaruke.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe unasema "sawa" kwa kila jambo, kisha mtandao unakatika, nami nabaki sijui ni sawa ya kukubali au sawa ya mtu anayewahi foleni ya bandarini. Barua hii nampa Masanja, dereva mwenzako. Kesho anapakia marobota ya pamba kiwandani, anayaleta huko Dar uliko.

Unakumbuka Pasaka ulipokuwa nyumbani? Nilikuambia kwamba nikimaliza kidato cha sita nataka kujifunza kuendesha lori. Ulikuwa unakunywa uji. Hukucheka. Uliweka kikombe chini ukasema, "Chuo tafuta mwenyewe. Ukishachagua, nitakuuliza kwa nini hicho." Mama akakuuliza kwa nini unamjibu mtoto kabla hujamaliza uji.

Basi nimemaliza mtihani, na chuo nimechagua.

Baba Mkubwa alinisindikiza mjini. Chuo cha kwanza kina ofisi nzuri yenye vigae, na nje limeegeshwa lori la bluu linalong'aa mpaka unajiona uso. Baba Mkubwa alilizunguka kama yuko mnadani, akaligonga ubavuni kwa kiganja. "Hili limenona," akasema. Kijana wa ofisini alifurahi sana. Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, dada, leseni utaipata haraka. Wengine hapa wamepata hata lori hawajalipanda." Alisema hivyo kwa kujivuna, Baba, kana kwamba ananipa zawadi.

Hapo nikakukumbuka wewe mnadani, mwaka ule tuliponunua maksai mwekundu. Muuzaji alikuwa anamsifia pembe, anamsifia mgongo, watu wanakubali. Wewe ukasema, "Mfunge nira, atembee." Yule mzee akachukia, akasema hujawahi kuona ng'ombe mzuri. Ukamjibu, "Nimeona wengi wazuri. Mimi nataka anayelima." Tukasimama juani mpaka nira ikaletwa kutoka kwa watu.

Kwa hiyo nikamwomba yule kijana nimwone mwanafunzi mmoja akilirudisha lori nyuma. Akasema leo betri iko chaji. Nikainama kutazama tairi za nyuma. Mbigili zilikuwa zimeota katikati yake, na pale kwenye mbigili palikuwa na yai la kuku. Baba Mkubwa naye aliliona. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Tusiliseme vibaya," akasema. "Linataga."

Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

Chuo cha pili kiko nje ya mji, njia ya kwenda Ngulyati. Hakina vigae. Kina uwanja, mapipa matupu yaliyopangwa, na lori lililokwaruzika pande zote, kioo chake cha pembeni kimefungwa kwa mpira wa tairi. Tulimkuta mama mmoja wa makamo anarudisha nyuma kati ya mapipa. Akagonga moja. Mwalimu hakufoka.

"Shuka," akamwambia. Mama akashuka, akalizunguka lori lote. "Umeona nini?"

"Pipa, mwalimu."

"Lilikuwepo kabla hujaligonga?"

"Lilikuwepo."

"Basi panda."

Akapanda, na safari hii alipita. Akanipungia mkono kama tunajuana.

Nilijikuta natabasamu, maana nilikuona wewe asubuhi za msimu wa pamba, lori limepakiwa hapa Kasoli, watu wanakuharakisha, nawe unalizunguka na kijiti chako unagonga tairi moja moja na kusikiliza. Nilikuwa nafuata nyuma yako na kijiti changu. Hakuna aliyewahi kukuondoa pale kabla hujamaliza mzunguko.

Sasa lile ambalo Baba Mkubwa angeliruka. Mwalimu wa chuo hiki aliniambia wazi kwamba lori si la mwaka huu. "Binti, utaanza na gari dogo. Ukilizoea barabarani, ukapata uzoefu unaotakiwa, ndiyo urudi kwangu." Baba Mkubwa hakupenda. Njia nzima alisema wale wa kwanza wangenipa lori hata kesho, na kwamba nitazeeka nikiendesha vigari. Mimi nilisikia faraja. Aliyenikatalia ndiye niliyemwamini. Nitasubiri, Baba, na nina hakika nitaliweza, kwa sababu sina haraka ya kuonekana.

Darasa linaanza Jumatatu ya pili, si hii ya kesho. Mama hajakataa, lakini amesema haniachii niende mpaka neno lako lije kwa maandishi, "siyo ile sawa yake ya kwenye simu." Namwelewa. Na hili ndilo angependa niliruke: usipopiga simu ukiwa njiani, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Anaogopa kuwa na watu wawili wa kuwasubiri. Nimemwambia kwamba nimechagua chuo hiki hasa kwa ajili yake, kwa vile kinafundisha kushuka na kutazama. Akaniuliza yule mama wa makamo ni wa wapi. Nadhani ameanza kukubali.

Nilipokuwa mdogo ulinipakia mara moja mpaka kiwandani. Nilikaa kiti cha kushoto, miguu haifiki chini, nikakuuliza kazi yangu ni nini. Ukasema, "Anayekaa hapo ananitazamia upande nisiouona." Nilitazama njia nzima bila kupepesa. Ng'ombe, baiskeli, mama na ndoo, vyote nilikutajia, nawe ukaitikia kila kimoja.

Baki salama huko, ule vizuri, uvae ile sweta barabarani. Masanja anarudi Ijumaa, mpe jibu lako lililoandikwa, Mama alisome mwenyewe: siku nitakaposhika usukani wa lori, utakubali kukaa kushoto, unitazamie upande nisiouona?

Binti yako wa kwanza