Bastola ya Marehemu Dwight

Wichita, Kansas
14 Januari 2023

Baba,

Salamu kutoka kwetu. Hatujambo, kwa kadiri watu wenye mtoto wa miezi mitatu wanavyoweza kutokuwa na jambo. June analala mchana na kukesha usiku. Wade ana sikio linalouma na hataki dawa ya matone mpaka nimkalie. Baba yao Travis bado yuko Texas kwenye mitambo ya upepo. Wewe je, goti? Na kile kikohozi cha asubuhi?

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika ninakokwenda. Travis ameniambia kiwanda kimeanza kutengeneza tena rivolva ya Kipanga, ile bastola uipendayo. Wenzake kambini wanacheka, eti wazee waliozificha zile za zamani kabatini sasa watalia. Mimi sikucheka. Najua akiba yako yote imo mle. Wenzangu baba zao walikuwa na benki, wangu alikuwa na Kipanga kumi na moja ambazo hazijapigwa hata risasi moja, na ole wake atakayezungusha silinda, maana huachwa mstari usiofutika kwenye chuma. Ulinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa ajili ya mstari huo.

Kama thamani imeanguka, niambie tu. Chumba cha nyuma ni chako hata ukija na begi la nguo. Kitanda nimeshaweka. Uza nyumba, uje mwezi wa nne kama tulivyosema. Wade anauliza babu atalala ameelekea upande gani. Na mimi nahitaji mtu mzima wa kuongea naye humu ndani.

Nisalimie Bi Opal hapo jirani. Mwambie soksi alizomfumia June zinamtosha.

Binti yako,
Kendra


Okmulgee, Oklahoma
29 Januari 2023

Kendra mama,

Goti linanitabiria mvua, kifua kimetulia. Usimkalie mtoto, umlaghai kwa asali.

Waambie hao vijana wa Travis wacheke polepole. Kiwanda kikitoa mpya, za zamani hazianguki zote, zinagawanyika. Ile iliyochakaa, iliyobebwa kiunoni na kupigwa kila Jumamosi, hiyo imeanguka kweli, kwa sababu mtu anayetaka kupiga tu atanunua mpya, chuma chake kigumu zaidi na ina dhamana. Lakini iliyokaa kwenye boksi lake, na karatasi zake, silinda haina mstari, hiyo inapanda. Kijana ananunua mpya, anaipenda, anaanza kuulizauliza, anasikia kwamba zamani kulikuwa na watu waliosugua kile chuma kwa mkono mpaka buluu yake ikawa na kina kama cha kisima. Basi ile mpya inaanza kumchosha. Anaitaka ya kwanza. Kiwanda kinatutangazia bure, mama. Juzi hapo Tulsa ya boksi imekwenda kwa dola elfu tano.

Ila watu wanachelewa kulijua hilo, na kabla hawajalijua ndipo mwenye akili anapokula. Wana hofu. Wanaleta vitu vizuri vimeviringishwa kwenye taulo. Hata Opal kaja na ya marehemu mumewe Dwight, boksi, karatasi, kila kitu, Dwight hakuwahi hata kuizungusha. Nimemsaidia, nimeichukua. Sasa ninazo kumi na mbili. Mwezi wa nne nakuja na kitu cha kumsomesha Wade.

Baba yako


Wichita
8 Februari 2023

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, sikio limepona.

Nilimpigia Bi Opal kumshukuru kwa soksi. Nikataja bastola, kwa nia njema kabisa, nikidhani umemnunulia kwa bei yake. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako ni mtu wa msaada. Kaniambia mpya zimetoka, kwa hiyo ya Dwight sasa ni ya kupasulia kokwa za pekani. Lakini kwa ajili ya urafiki kanipa mia nne. Nimenunulia tangi la maji ya moto."

Nikamuuliza, "Alisema hivyo hivyo, ya kupasulia pekani?"

"Hivyo hivyo. Nilicheka mpaka basi. Kesho yake nikampelekea mkate wa mahindi."

Baba, leo tangu asubuhi nimefuta matapishi ya mtoto begani mwangu na kinyesi ukutani, Wade kanipakia, na sikukunja uso. Barua yako ndiyo nimeikunjia uso. Nimeisoma tena, ile sehemu ya "nimemsaidia", na nikaona kinyaa kama mtu aliyekuta unywele katikati ya tonge.

Huyu ndiye aliyemwogesha Mama alipokuwa hawezi kugeuka kitandani. Wewe ulikuwa humudu kuingia kile chumba, sikulaumu, wapo wasioweza. Yeye aliingia. Alinisuka nywele siku ya mazishi.

Mrudishie. Sikuombi kumwongezea hela. Mrudishie bastola na umwambie kwa mdomo wako ulichofanya. Halafu tutaendelea na habari za chumba.

Binti yako,
Kendra


Okmulgee
20 Februari 2023

Kendra,

Mzima, namshukuru Mungu. Barua yako imenikuta nakula, nikaacha.

Umekuwa mkali kama mama yako, ila yeye alikuwa anauliza kwanza. Sikumdanganya Opal. Nilimwambia mpya zimetoka na za zamani zimeanguka, na ni kweli, nyingi zimeanguka. Hakuniuliza ya kwake iko kundi gani. Kwenye biashara hii anayejua hamfundishi asiyejua, ndivyo tulivyolelewa wote, mezani kila mtu na macho yake. Nami nimeshaumizwa hivyo hivyo. Mwaka uliozaliwa wewe niliuziwa iliyopakwa buluu upya nikadhani ni ya kiwandani. Nililia kwa nani?

Opal alifurahi. Maji yanatoka moto. Angeiacha ile bastola kwenye droo ya soksi za Dwight ikaliwa na kutu, ingemfaa nini? Na mimi siili peke yangu. Ni ya Wade, hii. Umeniambia njoo hata na begi la nguo, lakini mwanamume haingii nyumba ya mkwewe mikono mitupu.

Nimemtumia Wade gari la zimamoto. Betri weka mwenyewe.

Baba yako


Wichita
12 Machi 2023

Baba,

U hali gani. Sisi tunaendelea. June kaanza kucheka kwa sauti, na ningetaka nikusimulie hilo kwa kurasa mbili, ila leo haiwezekani.

Jumamosi ya wiki iliyopita palikuwa na mnada wa silaha hapa, kwenye ukumbi wa maonyesho. Nilimweka June kifuani, nikamshika Wade mkono, nikaenda. Nilitaka nione mwenyewe hiyo meza ambayo kila mtu anaijia na macho yake. Nilijiambia huenda sielewi, huenda mimi ni mama tu mwenye usingizi machoni anayemhukumu baba yake.

Nilisimama kwenye meza ya mzee mmoja mwenye ndevu za manjano, pua kubwa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa umri wa Bi Opal, na taulo. Akalifungua. Kipanga, boksi lake, karatasi zake. Nimekulia kwako, Baba, hata kwa mbali niliona silinda haina mstari.

"Ya nani hii, mama?"

"Ya mume wangu. Ameniacha mwezi wa kumi na moja."

"Pole sana. Ungekuja mwaka juzi, ningekupa pesa za maana. Sasa kiwanda kimetoa mpya, hizi zimebaki za kupasulia pekani."

Yule mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona haya kuwa hakujua. "Mimi mambo haya siyajui, baba. Nipe unachoona."

Akampa mia tatu. Alipogeuka tu, mzee akamwambia jirani yake wa meza ya pili, "Umeona? Hata kuiachia haikumchukua dakika." Na jirani akasema, "We shetani, Buford, jehanamu wanakuwekea kiti." Wakacheka, wanalamba vidole vyenye chumvi ya karanga zao, na yule mama bado yupo hatua chache anatafuta miwani kwenye pochi.

Nikamfuata. Nikamwambia ameibiwa. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto kifuani, akasema, "Binti, usinitie aibu mbele za watu," akaenda zake.

Nikarudi kwa yule mzee nikamwambia alichofanya ni uchafu. Hakukasirika hata. Akauliza mimi ni mtoto wa nani, naongea kama mtu wa Okmulgee. Nikasema Verlin Tackett. Baba, alinyanyuka akanipa mkono. "Binti wa Verlin! Mwambie Buford anamsalimu. Huo msemo wa pekani katufundisha yeye, mwezi wa kwanza, pale Tulsa. Sasa kila meza wanautumia."

Sikuushika ule mkono. Nilitoka nikakaa kwenye gari, Wade akaniuliza, "Mama, huyo babu anamjua babu?" nikasema ndiyo, anamjua.

Kwa hiyo si Opal peke yake. Ulikuwa na maneno yaliyoandaliwa, umeyajaribu, umeyaona yanafaa, halafu ukampelekea jirani yako wa miaka thelathini kama unavyompelekea mtu maharage. Hilo la "hakuniuliza" usiniandikie tena. Na usiniambie ni ya Wade. Mwanangu hatasomeshwa na pesa hiyo, bora afagie huo ukumbi.

Nakupenda. Nimejaribu wiki nzima kutafuta mahali pa kuacha kukupenda na sijapapata. Lakini sikuleti ukae na watoto wangu, wakakuona kila siku ukitabasamu kama yule Buford, wakadhani huo ndio ujanja.

Jumapili ya tarehe ishirini na tatu mwezi wa nne, June anawekwa wakfu kanisani. Nataka uwepo. Utakuja na Bi Opal, kwenye gari lako, ukiwa umeshamrudishia bastola na kumweleza kila kitu, pamoja na ya Buford. Kitanda cha chumba cha nyuma atalalia yeye. Wewe utalala kochini. Ukija peke yako, usitoke kwenye barabara kuu, pitiliza.

Gari la zimamoto nimelipokea. Wade analala nalo.

Binti yako,
Kendra


Wichita
5 Aprili 2023

Baba,

Natumaini ukimya wako si wa ugonjwa. Bi Opal naye hanipigii na mimi simpigii, sitaki ajue kwangu kinachopaswa kutoka kwako.

Nimemshonea June gauni kwa kitambaa cha pazia la Mama. Travis kapewa ruhusa.

Siku kumi na nane.

Kendra


Okmulgee
18 Aprili 2023

Kendra mama,

Mimi mzima. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika.

Nilikwenda kwa Opal mara tatu. Ya kwanza nilimrekebishia lango nikarudi. Ya pili nikamkuta na watu wa kanisani. Ijumaa iliyopita nilimkuta peke yake anamenya viazi, nikaweka boksi mezani, nikasema yote. Bei ya kweli. Kwamba nilijua nilipokuwa namwambia. Buford pia, na pekani. Hakuacha kumenya.

Nilipomaliza akasema, "Verlin, wengine walikuwa wangapi?"

Sikuwa nimewahesabu, mama.

Nikamwambia asinirudishie zile mia nne. Akasema hata hivyo zimo ndani ya tangi la maji ya moto, nikizitaka nikazivue. Hakutabasamu aliposema. Nikasema nitamtafutia mnunuzi wa haki, akasema atatafuta mwenyewe, ana mpwa Tulsa anayejua kusoma na kuandika. Akaichukua, akaiweka chini ya sinki, kwenye ndoo, pembeni ya sabuni ya vyombo. Miaka yote hii sijawahi kuona Kipanga ikiwekwa hivyo.

Kisha nikamwambia habari ya June na safari. Akamenya kiazi cha mwisho, akakausha kisu. Akasema, "Kwa ajili ya Kendra na yule mtoto, nitakuja."

Tunaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimefuta viti vya mbele, nimepangusa dashibodi. Leo asubuhi kanipigia kusema anakuja na mto wake wa kulalia, na kwamba nisihangaike na kiti cha mbele, atakaa nyuma.

Baba yako